Mfereji Umehama, Daftari Limebaki

Kazi inayonilisha ni kulinda namba ambazo mtumiaji wa programu hatazisoma kamwe. Nyumbani wakiniuliza nafanya nini hasa, husema "kompyuta", na maswali huishia hapo. Kwa msomaji wa jarida itabidi nijieleze zaidi.

Programu huandikwa kwa lugha anayoielewa binadamu, kisha kompaila huigeuza iwe maagizo ambayo mashine inaweza kuyatekeleza. Ugeuzaji huo haufanyiki kwa mkupuo mmoja. Kompaila ya leo, tuseme LLVM iliyoanzishwa Chuo Kikuu cha Illinois mwaka 2000 na Chris Lattner na mwalimu wake Vikram Adve, au GCC iliyoitangulia kwa zaidi ya miaka kumi, huipitisha programu katika hatua nyingi zinazofuatana. Hatua moja hufuta kisichotumika. Nyingine huunganisha maswali mawili yakawa moja, nyingine hunakili kipande kizima na kukipachika mahali kinapoitwa. Kila hatua huikabidhi inayofuata programu ambayo maana yake haijabadilika hata chembe, ila umbo lake limeshakuwa jingine.

Pamoja na programu hiyo husafiri hesabu. Kwenye kila njia panda, yaani mahali programu inapouliza swali la ndiyo au hapana, pameandikwa: ndiyo mara 900, hapana mara 100. Mkusanyiko wa hesabu hizo tunauita profaili. Huipati kwa kukisia. Unaiendesha programu ikiwa imetiwa vihesabu ndani yake, unaipa kazi inayofanana na ya siku zote, kisha unairudisha kwa kompaila pamoja na hesabu zilizopatikana. Kompaila ikishajua njia ipi inapitwa sana, inaipanga inyooke, na ile inayopitwa kwa nadra inaisogeza pembeni isije ikajaza kumbukumbu ya karibu ya prosesa. Donald Knuth, katika utafiti wake wa programu za FORTRAN uliochapishwa mwaka 1971, aliona kwamba sehemu isiyofikia asilimia 4 ya programu kwa kawaida ndiyo inayokula zaidi ya nusu ya muda wake. Ukionyeshwa sehemu hiyo kwa usahihi, unajua pa kuweka nguvu. Ukionyeshwa siyo, utatoa jasho mahali pasipopitwa.

Nilifundishwa haya chuoni kwa michoro ya visanduku vilivyounganishwa kwa mishale. Mwalimu alipouchora wa kwanza ubaoni sikuuona kuwa mgeni, maana mchoro kama ule nilikuwa nimeukanyaga kwa miguu.

Nimekulia Mamba, Upare ya kusini, huko ambako barabara ya Mwembe–Myamba–Ndungu hupanda na kushuka. Huku juu kuna ukungu na migomba, na tambarare za Same zimekauka. Wafanyabiashara wanaijua Mamba kwa tangawizi. Waadventista wanaijua kwa Giti, walikofika wamisionari wao wa kwanza katika nchi hii mwaka 1903. Sisi watoto tuliijua kwa maji, kwa sababu ndiyo yaliyotuamsha alfajiri.

Asiyeijua ndiva nimweleze kwa ufupi. Ni bwawa dogo la udongo na mawe lililojengwa kwenye mteremko. Usiku mfereji kutoka mtoni hulijaza taratibu, asubuhi mlango hufunguliwa, na maji yaliyolimbikizwa hushuka kwa nguvu hadi kwenye mashamba ambayo mfereji mtupu usingeyafikia. Tope huzolewa kwa msaragambo, wote kwa pamoja, na asiyetokea hulipa faini. Chini ya ndiva mfereji mkuu hugawanyika, kila tawi hugawanyika tena, na maji hupelekwa kwa zamu: saa hizi upande huu, saa zile upande ule.

Mjomba wangu ndiye aliyeshika daftari la zamu. Lilikuwa daftari la shule la kawaida, jalada limelainika kwa mikono yenye udongo, na ndani yake kila mgawanyiko ulikuwa na ukurasa wake wenye saa zake. Nilimfuata sana nikiwa mdogo, na kilichonishangaza ni kwamba hakuwahi kusimama kwenye migawanyiko yote. Alijua ndiva imefunguliwa kwa muda gani, na alijua tawi la kushoto limekula muda gani. La kulia alilipata kwa kutoa. Ndiva ikiwa imetoa saa sita na kushoto zimekwenda nne, kulia hazikuzidi mbili, na mtu wa kulia akija na madai ya saa tatu aliambiwa aketi kwanza wahesabu pamoja.

Miaka mingi baadaye nilikuta hesabu ileile imeandikwa kwa alama za kitaalamu. Gustav Kirchhoff aliitunga kwa ajili ya umeme mwaka 1845: kinachoingia kwenye fundo ni sawa na kinachotoka. Mwaka 1973 Knuth na Stevenson walionyesha namna ya kuchagua sehemu chache kabisa za kuweka vihesabu ili nyingine zote zipatikane kwa kujumlisha na kutoa. Vihesabu vina gharama, huipunguza programu mwendo, na hakuna sababu ya kuweka cha nne ikiwa vitatu vinatosha kukitaja. Mjomba asingewaelewa Knuth na mwenzake kwa lugha yao, lakini wangekaa ukingoni mwa ndiva moja bila kugombana.

Kisha mfereji ulianza kuhama. Mvua kubwa iliporomosha kipande cha mlima, watu wakachimba njia nyingine. Tangawizi ilipopata soko, wenye mashamba mapya walitoboa matawi mapya. Migawanyiko miwili iliyokuwa jirani iliunganishwa ikawa mmoja, kwa kuwa ukingo wa katikati ulikuwa ukibomoka kila msimu. Hakuna aliyekosea katika kazi hizo, na mfereji mpya ulipitisha maji vizuri kuliko wa zamani. Daftari ndilo lililobaki na kurasa za migawanyiko ambayo haikuwapo tena, huku migawanyiko iliyokuwapo ikiwa haina kurasa.

Mjomba alitaka jambo moja tu: kila anayehamisha tawi aje siku hiyohiyo waandike pamoja. Wachimbaji wakamjibu kwamba kazi yao ni jembe, kalamu ni yake. Yeye aling'ang'ania kwa sababu ambayo mimi niliiona kuwa ubishi wa wazee. Siku ya kuchimba, alisema, mchimbaji anajua kwa yakini kwamba saa mbili za tawi la juu na saa moja la chini sasa zinapita pamoja hapa. Baada ya misimu miwili hata yeye hakumbuki. Utamkuta anaangalia upana wa mtaro na kukisia.

Ninaifanya kazi hii nikiwa upande wa mjomba. Wanaoandika hatua za kompaila ndio wenye jembe. Wanajua sana kugeuza umbo la programu bila kuharibu maana yake, na wana majaribio maelfu ya kuthibitisha hilo. Namba zilizoshikizwa kwenye njia panda huwa wanazikumbuka mwishoni, au hawazikumbuki kabisa.

Chukua kitanzi. Tuseme programu inaingia kwenye kitanzi mara 10, na kila ikiingia inazunguka mara 100. Kwenye njia panda ya mwisho wa kitanzi kutaandikwa: kurudi mara 990, kutoka mara 10. Sasa inakuja hatua inayokunjua kitanzi, yaani inayonakili mwili wake mara nne ili swali la kurudi au kutoka liulizwe mara moja badala ya mara nne. Maswali yanakuwa 250: kurudi 240, kutoka 10. Mwandishi wa hatua hiyo akinakili tu 990 kwa 10 kama zilivyokuwa, kompaila itaamini kwamba kila kuingia kuna mizunguko 100 ya mwili ulioongezwa mara nne, sawa na 400 ya zamani. Kuanzia hapo kila hatua inayofuata itakiona kitanzi kizito mara nne ya kilivyo, na itakipendelea kwa kukinyima mwenzake.

Au chukua funksheni inayoitwa mara 1,000, mara 900 kutoka sehemu moja na mara 100 kutoka nyingine. Kompaila ikiamua kuipachika nakala ndani ya mwitaji wa kwanza, nakala lazima iondoke na tisa ya kumi ya kila hesabu, na asili ibaki na moja ya kumi. Hiyo ni kanuni ya mgawo, na watu wengi huifuata. Kanuni hiyo lakini ina dhana ndani yake: kwamba waitaji wote wawili wanaitumia funksheni kwa namna moja. Huenda mwitaji wa pili peke yake ndiye anayepita kwenye njia ya makosa, na hesabu zote za njia hiyo ni zake. Baada ya kugawa kwa uwiano, mwitaji wa kwanza anasingiziwa makosa ambayo hajawahi kuyafanya. Jumla inalingana vizuri kabisa, na bado si kweli. Ndiyo maana wengine hulipa gharama ya kuhesabu kila mwitaji na njia zake tangu mwanzo, ingawa profaili inanenepa.

(Nikiri pia kwamba mfereji wetu ulikuwa ukivuja, na programu nazo huvuja kwa namna yao. Nyuzi mbili za utekelezaji zikigusa kihesabu kimoja kwa wakati uleule, moja inafuta nyongeza ya mwenzake, na hesabu inapungua bila taarifa. Dawa ipo, nayo inapunguza mwendo.)

Ugumu wenyewe ni kwamba kuharibika huku hakulii. Profaili haibadilishi jibu la programu, inabadilisha kasi yake tu. Ukiivuruga yote, hesabu za benki zitatoka sawasawa, picha zitafunguka, majaribio yote yatapita. Niliwahi kuwa mahali ambapo toleo jipya la programu lilipungua kasi na kila timu ikaapa kwamba haijagusa kitu. Ilikuwa kweli: sehemu iliyozorota haikuwa imeguswa na mtu. Juu yake, katika hatua ya mapema kabisa, badiliko dogo na zuri lilikuwa limeunganisha njia panda mbili na kuziacha bila namba. Hatua zilizofuata ziliona pengo, zikalijaza kwa makisio.

Hapo kwenye kujaza pengo ndipo ninapokuwa mkali kuliko wenzangu wengi. Kompaila isipopewa namba huwa na makisio yake, na si ya kipuuzi. Thomas Ball na James Larus walichapisha mwaka 1993 kanuni nyepesi za kubashiri njia panda bila kupima chochote, na watu wanaziegemea hadi leo. LLVM, kwa mfano, ikikuta njia panda ya kitanzi isiyo na namba, huipa kurudi uzito wa 124 na kutoka uzito wa 4. Kwa programu isiyo na profaili hilo ni jambo la busara. Ila ndani ya programu yenye profaili, 124 kwa 4 zikikaa jirani na 990 kwa 10, zote zinaonekana kuwa ni namba tu. Hatua inayofuata haina njia ya kujua ipi ilipimwa na ipi ilibuniwa, na itazijumlisha.

Wapare wana historia na makadirio yaliyopewa nguvu ya hesabu. Miaka ya 1940, chini ya Waingereza, ilianzishwa kodi ya mbiru, ambayo kila mtu alipangiwa kiasi chake kwa kukadiriwa mali aliyonayo. Mwaka 1945 maelfu ya watu walishuka kutoka milimani hadi makao makuu ya wilaya, Same, wakapiga kambi pale kuikataa. Mwanahistoria Isaria Kimambo aliandika kitabu juu ya mgomo huo, kilichotoka mwaka 1971. Kulipa kodi walikuwa wamekwisha kuzoea. Waliyoikataa ni ile iliyotegemea jicho la mkadiriaji, kwa sababu kiasi kikishaandikwa kitabuni hakuna anayeuliza tena kilitoka wapi. Sitalazimisha uhusiano kati ya mbiru na kompaila. Nasema tu kwamba nimetoka mahali ambapo swali la "nani alihesabu?" halichukuliwi kuwa utovu wa adabu.

Kwa hiyo nilifurahi, kuliko inavyompasa mtu mzima, LLVM ilipoweka namna ya kuandika kwenye njia panda kwamba uzito wake haujulikani. Hapaachwi wazi, na haliwekwi kisio. Panaandikwa neno lenye maana ya kutojulikana, na pembeni jina la hatua iliyoshindwa kuhesabu. Pakiachwa wazi, huwezi kujua kama mwandishi alifikiri akakwama au alisahau tu. Palipoandikwa "haijulikani" pana mtu aliyefika, akatazama, akasema ukweli wake, na unajua pa kumpata. GCC ilifika mahali karibu na hapo kwa njia yake: kila hesabu hubeba daraja la ubora wake, kama ilipimwa sawasawa, ilirekebishwa, au ni makisio, na ubora huo husafiri nayo hata inapojumlishwa na nyingine.

Neno hilo la "haijulikani" limefanya ukaguzi uwezekane. Sasa unaweza kuitia programu namba za bandia kwenye kila njia panda, kuipitisha kwenye hatua moja, na kuangalia kilichotoka upande wa pili. Njia panda iliyotoka bila namba na bila neno la kukiri ni kosa, na hatua iliyoiacha hivyo inajulikana papo hapo. Ukaguzi wa aina hiyo hauwezi kukuambia kwamba namba iliyopo ni sahihi. Yule aliyenakili 990 kwa 10 angepita bila kuulizwa. Unamlazimisha tu mwenye jembe kushika kalamu siku ileile ya kuchimba.

Kuna shule nyingine inayosema tusihangaike hivyo, tuziache namba zipindane kisha mwishoni tuzinyooshe kwa hisabati. Shule hii imepata nguvu kwa sababu profaili nyingi za leo hazitokani na vihesabu. Hutokana na kuichungulia programu ikiwa kazini, mara kwa mara, na kuandika ilipokuwa. Kampuni ya Google ilieleza mfumo wake wa namna hiyo, AutoFDO, mwaka 2016. Facebook ilieleza BOLT mwaka 2019, inayopanga upya programu iliyokwisha kukamilika. Kuchungulia ni nafuu na kunaonyesha maisha halisi, ila hesabu zake hazifungi: kunaingia 480, kunatoka 510. Mwaka 2022 watafiti walichapisha njia ya kuzirekebisha kwa kutafuta mtiririko ulio karibu zaidi na uliopimwa ambao kila fundo lake linalingana. Ni kazi nzuri na ninaitumia. Lakini urekebishaji huo unatoa hadithi isiyojipinga, na hadithi zisizojipinga juu ya mfereji mmoja ni nyingi. Ukiwa umepoteza namba za matawi mawili kwa uzembe wa hatua ya katikati, hisabati itakupa jozi moja kati ya jozi nyingi zinazowezekana, na itakupa kwa uso mkavu.

Na kuchungulia kuna shida yake ya daftari. Hesabu hurudishwa kwenye programu kwa kufuata mistari ya maandishi yake. Wakati profaili inakusanywa huko kazini, waandishi wanaendelea kuandika, mistari inasogea. Njia moja ya kupunguza madhara ni kuhesabu mistari kuanzia mwanzo wa funksheni badala ya mwanzo wa faili, ili anayeongeza kitu juu asiivuruge iliyo chini. Nyingine ni kupanda alama mapema, kabla hatua hazijaanza kugeuza umbo, na kuzifanya ziandamane na programu hadi mwisho. Zote mbili zinakubali kwamba mfereji utahama tu.

Siku hizi sehemu ya kazi yangu ni kupitia mabadiliko ya vijana kabla hayajaingizwa. Karibuni mmoja wao, hodari kweli, alileta hatua inayogeuza swali la njia panda ili njia inayopitwa sana iwe inayofuata moja kwa moja. "Je, x ni sifuri?" likawa "je, x si sifuri?", na njia mbili zikabadilishana nafasi kama inavyotakiwa. Majaribio yote yalipita.

Nikamwuliza, "Uzito wa njia hizi umetoka wapi?"

"Nimeunakili kaka, kutoka kwenye njia panda ya zamani. Sikuugusa."

"Swali umeligeuza?"

Kikapita kimya kifupi kwenye simu, kisha akacheka. Ya ndiyo ilikuwa bado imeandikwa 900 na ya hapana 100, wakati sasa ndiyo ilikuwa ni ile ya mara 100. Akazibadilisha nafasi, akaongeza jaribio linaloangalia namba na siyo jibu tu, tukaendelea na faili la pili, ambalo lilikuwa na njia panda za kuunganishwa na hesabu ndefu zaidi.